Timu Iliyoacha Kuitana

Ninyi wa mwaka wa kwanza mlioingia kwenye timu ya chuo juzi mmenifuata nyumbani mkaniuliza swali moja: kwa mfumo huu mpya wa kushambulia, tutafika wapi kwenye mashindano ya kanda? Nimeona niwajibu kwa kuandika. Nikijibu kwa mdomo nitapandisha sauti, na nyumba yangu iko barabarani, kila apitaye atajua Mwalimu Naomi anagomba tena.

Nimefundisha michezo katika chuo hiki cha ualimu, hapa juu Lushoto, tangu nikiwa msichana mwenye kiuno mpaka nikastaafu na magoti yanayolia nikipanda ngazi. Timu ya mpira ya wanaume niliishika mimi, mwanamke, na waliocheka walicheka wakachoka. Katika miaka hiyo nimeshtuka mara nyingi. Nimeona mwamuzi akikimbizwa na fahali mpaka kwenye mashamba ya kabichi, na filimbi bado iko mdomoni. Nimeona kipa wangu akimkumbatia mshambuliaji wa wageni kwa sababu ya baridi tu. Lakini sijapata kushtuka kama siku ile mwaka huu niliposhuka kwenda sokoni kununua maharage, nikapita juu ya uwanja wa chuo, nikakuta timu iko mazoezini na hakuna anayetoa sauti.

Nilisimama. Vijana walikuwa wanakimbia, mpira unatoka mguu huu kwenda mguu ule, na kote kimya. Nilisikia maji ya mfereji. Nikafikiri wamefiwa.

Hapo karibu palikuwa na mama muuza ndizi, nikamwuliza, "Kuna msiba chuoni?"

"Hakuna msiba, Mwalimu," akasema. "Ndivyo wanavyocheza siku hizi. Wamekatazwa kuita."

Wamekatazwa kuita! Kikapu kilinitoka mkononi. Maharage sikununua siku ile, nilirudi nyumbani mikono mitupu, na mume wangu aliponiuliza tutakula nini nilimjibu kwamba dunia imekwisha.

Najua wengi wenu mmetoka Singida, Mtwara, Geita na kwingineko, na mnajiuliza mwanamke mzima anashtuka nini kwa kimya cha mazoezini. Basi nisikilizeni. Mimi nilizaliwa upande wa Mponde. Nyumba yetu ilikuwa ng'ambo hii ya bonde, na shamba la chai la baba lilikuwa ng'ambo ile. Kwenda kwa miguu ni kushuka mpaka mtoni na kupanda tena, asubuhi yote inakwisha. Kwa hiyo watu wa huku hawatumi mtu, wanaita. Baba alisimama katikati ya chai yake akatoa sauti moja ndefu, na mama aliitika hata kabla hajajua anatakiwa nini. Kuitika kwanza, kuuliza baadaye. Ukishakua kidogo unajua kwa sauti peke yake mtu yuko umbali gani, yuko juu yako au chini, amechoka au ana hasira. Ukungu ukishuka hamuoni chochote, lakini mnaendelea kuzungumza bonde kwa bonde.

Na mwito hauachwi bila kuitikiwa. Waswahili wanasema usikatae wito, kataa neno. Huku kwetu ukiitwa usiitike, watu watakuja mbio na majembe mkononi wakidhani umeanguka. Na wakikukuta mzima, ni heri ungekuwa umeanguka kweli.

Mwito huu haukuingia kwenye mpira kwa akili yangu. Uliingia wenyewe. Wakati huo timu ilikuwa ya Mwalimu Lutengano, Mnyakyusa mrefu aliyekuwa na sauti ya kengele ya kanisa, na mimi nilikuwa msaidizi wake wa kufua jezi na kutuliza ugomvi. Yule mzee alinifundisha kazi. Alinifundisha kwamba uwanja wetu umeinama, kwa hiyo mwenye mbio muweke upande wa chini, kwa kuwa mpira wote utakwenda huko upende usipende. Alinifundisha kupaka mafuta ya kondoo kwenye mipira ya ngozi ya zamani isinywe maji ikawa mizito. Alinifundisha pia ujanja ambao sitaki muuone kuwa dhambi: wageni wa tambarare wakija na bukta zao nyepesi, mgeni rasmi apewe nafasi ya kuhutubia kwa utulivu, asiharakishwe, aanzie historia ya chuo. Hotuba ikiisha, wageni miguu imeganda, nasi tunaanza mechi.

Siku moja katikati ya mechi ukungu ukatuangukia. Mwamuzi alikuwa na ukaidi, hakusimamisha. Lutengano alikuwa anazunguka pembeni akiuliza, "Wako wapi? Wako wapi?" Ndipo winga wetu wa kushoto, mtoto wa kijiji cha Lukozi, alipoita kutoka kule mbele kama anavyomwita kaka yake shambani. Wala hakuita mpira, aliita tu, sauti nyembamba yenye mkunjo mwishoni. Na beki wetu, naye mtoto wa milimani, akaitika kwa mguu. Akabutua mpira kuufuata mwito. Tukasikia wavu.

Lutengano alinigeukia macho yamemtoka. "Nani kawafundisha hiki?"

"Baba zao," nikasema.

Alipoondoka akaniachia timu, nilikifanya hicho kuwa mfumo. Kila mshambuliaji na mwito wake. Winga wa kulia anaita kwa kukata, wa kushoto kwa kuvuta, wa kati anaita kwa sauti nzito inayotoka tumboni. Beki hainui kichwa, anasikia na kupiga. Wanafunzi waliotoka mikoani niliwapandisha kilima hiki na kilima kile, nikawaambia waitane mpaka waelewane. Kijana mmoja wa pwani aliona aibu hata akalia. Baada ya muhula mmoja alikuwa anamwita mpishi wa chuo kutoka bwenini, na mpishi anaitika. Chuo chochote kilichopanda huku kilishuka kimefungwa. Makocha wao walikuja kuniuliza siri yangu ni nini, nikawaambia ni viazi.

Wa mwisho na bora kuliko wote katika kuita alikuwa Rashidi. Rashidi huyu huyu mwalimu wenu. Alicheza winga wa kushoto kwangu, na alipoita yeye, hata wanawake waliokuwa wakipalilia ng'ambo waliinua vichwa. Nilipostaafu, mimi ndiye niliyekwenda kwa mkuu wa chuo nikasema timu apewe Rashidi, mwingine sitaki kumsikia. Sasa mnaelewa ni nani aliyepiga marufuku kuita, na kwa nini kikapu kilinitoka mkononi.

Nilimwagizia aje nyumbani. Alikuja siku ya pili jioni, amevua kofia tangu getini.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Kaa. Nimesikia timu yangu imekuwa bubu."

"Siyo bubu, Mama. Tumebadilisha mfumo wa kushambulia."

"Kwa ruhusa ya nani?"

Akacheka kidogo, kisha akaona mimi sicheki. Akaanza kunieleza, na nilivyozidi kusikia ndivyo nilivyozidi kupigwa na butwaa. Mwaka jana, mimi nikiwa nimeshastaafu, timu ilishuka Tanga kwenye mashindano hayo ya kanda. Nilijua tulifungwa vibaya. Nilichokuwa sijui ni namna tulivyofungwa, kwa sababu hapa chuoni watu wote walikubaliana nisiambiwe.

"Chuo tulichocheza nacho kilikuwa na beki aliyewahi kufanya mazoezi ya kufundisha huku kwetu," Rashidi akasema. "Alikuwa anatuangalia. Alijifunza miito yote. Sasa mechi imeanza, Idi anao mpira nyuma, yule jamaa akasimama katikati ya uwanja akaita. Mwito wa winga wetu wa kulia, Mama, vilevile kabisa."

"Na Idi?"

"Akampa."

Nyinyi mnamjua Idi, nahodha wenu, beki wa kati, mtoto wa Lukozi. Kijana mtiifu. Ukimtuma maji anarudi na maji na kikombe.

"Akampa mara moja tu?" nikauliza.

"Mama, goli la kwanza nilidhani bahati mbaya. Baadaye yule beki wao hakuwa hata na haja ya kukimbia. Anasimama na mikono kiunoni, anaita, na Idi anamletea mpira mguuni kwa heshima zote. Nilimfokea mpaka nikakosa pumzi. Aliniambia mapumziko, 'Mwalimu, najua siye, lakini mguu unaitika wenyewe.'"

Sikucheka. Sasa nikiandika nacheka, lakini siku ile nilihisi kama mtu ameingia shambani kwa baba yangu akasimama kwenye chai akaita kwa sauti ya baba. Nikamwambia Rashidi, kama miito imeibiwa, si abadilishe miito! Akasema alibadilisha palepale, wakati wa mapumziko. Wale jamaa wakajifunza na hiyo mipya kabla jasho halijawakauka. Na hata wasingeiba, akasema, kule mjini kuna matarumbeta na ngoma kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mwito wa kweli hausikiki, unasikika ule wa aliye karibu, na aliye karibu ni adui.

"Kwa hiyo sasa tunacheza kwa macho," akasema. "Pasi fupi. Kabla mpira haujakufikia umeshatazama kushoto na kulia. Washambuliaji watatu wanabadilishana nafasi, hakuna anayesimama mbele kungojea. Na hakuna kuita. Akiita mtu, hata kama ni mwenzako, hujasikia."

"Hujasikia! Unamfundisha mtoto wa watu asiitike akiitwa?"

"Uwanjani tu, Mama."

"Kinaanzia uwanjani. Kesho mama yake atamwita."

Aliinama akatazama kofia yake. Rashidi ana tabia hiyo, hakubishii, na hakubaliani nawe. Nilimpa chai akanywa, akaaga, na nilibaki nikigombana na kikombe.

Sasa hapa ndipo mambo yalipokuwa mazito. Mfumo mpya haukuanza vizuri. Timu ilipoteza, ikatoka sare, ikapoteza tena. Watu waliokuwa wanatoka Lukozi na pikipiki zao kuja kutazama, wakishapakia karoti na kabichi kwenye malori, waliacha kuja. Walisema hawawezi kulipia mafuta kuja kutazama watu wanapasiana kama wanaogopa kuamsha mtoto. Ikabaki mechi moja ya nyumbani, dhidi ya chuo cha bondeni njia ya Korogwe. Tukishinda tunakwenda kwenye mashindano ya kanda. Tukitoka sare au kufungwa, basi.

Siku chache kabla ya mechi hiyo mkuu wa chuo alikuja kwangu mwenyewe. Si mtu wa milimani, na hajazoea ngazi zangu, kwa hiyo alihema kwanza.

"Mama Naomi," akasema, "nitasema wazi. Wasiposhinda mechi hii, Rashidi anaachia timu. Na tungeomba wewe urudi, uturudishie mpira wetu wa zamani. Tutatafuta utaratibu."

Sikusema ndiyo. Lakini sikusema hapana, mjue hivyo. Alipotoka nilifungua kabati nikatafuta filimbi yangu, nikaifuta vumbi, nikaipuliza kidogo nione kama bado inalia. Mume wangu alinitazama juu ya miwani yake akasema, "Wewe unataka mtoto wako Rashidi afungwe." Nikamwambia alale.

Siku ya mechi nilifika mapema nikakaa kwenye ukingo wa juu, pale kwenye majani makavu, nimejifunga kanga juu ya sweta. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia. Nadhani habari za Rashidi kuondoka zilikuwa zimevuja, na watu wa huku hawakosi mazishi. Mama muuza ndizi akaja kukaa karibu yangu na beseni lake.

Mgeni rasmi akashika kipaza sauti. Wageni wa bondeni wamesimama kwenye mstari, magoti yameshaanza kugongana. Nikajisemea, hii angalau haijabadilika. Mgeni rasmi akaanzia historia ya chuo. Mara nikamwona Rashidi anakwenda, anamnong'oneza. Na mgeni rasmi anasema kwenye kipaza sauti, "Naombwa niwe mfupi, kwa kuwa vijana wa wenzetu wanapata baridi."

Jamani! Nilimshika mama wa ndizi mkono. Nilimtazama Rashidi kwa mbali nikajiuliza kama kweli ni yule niliyemlea mimi au walinibadilishia.

Mpira ukaanza. Na wageni walikuwa wamejiandaa, lakini kwa timu ya zamani. Nahodha wao alikuwa anapaza sauti tangu mwanzo, "Wakiita, mkabeni anayeita! Sikilizeni, mkabeni anayeita!" Mabeki wao wakakaa wametega masikio. Hakuna aliyeita. Vijana wetu wakawa wanapasiana kwenye matope, pasi fupi, mmoja anarudi, mwingine anaingia. Watu wa ukingoni wakaanza kunung'unika. "Butua!" "Piga mbele!" "Mnafuma sweta?" Kisha Idi akatoa pasi fupi nyuma, mpira ukanasa kwenye tope, mshambuliaji wao akauchukua akafunga.

Nitawaambia ukweli kwa kuwa sijawahi kujua kusema kitu kingine. Moyo wangu uliruka kwa furaha. Uliruka kabla sijauruhusu. Nilitazama huku na huku kama kuna aliyeniona.

Lakini kabla ya mapumziko walifanya jambo ambalo bado nikifumba macho naliona. Mpira ulianzia kwa kipa, ukapita miguu mingi, hakuna aliyeushika zaidi ya kuugusa, na kila aliyeugusa alikuwa ameshatazama. Hemedi, mshambuliaji wetu wa kati, ambaye kwa mfumo wangu angekuwa amesimama mbele anaita kwa tumbo, alikuwa amerudi katikati. Beki wake akamfuata huko. Pale alipotoka, winga akaingia kimya, akapewa, akafunga. Mabeki wa wageni walikuwa bado wanasikiliza.

Ukingo wote ulinyamaza kwanza, ndipo ukashangilia. Hatukuwa tumezoea goli lisilotangulizwa na sauti. Mimi sikushangilia, mdomo wangu ulikuwa wazi tu.

Kipindi cha pili kilikuwa kigumu, sare, na muda unakwenda. Ndipo ukungu ulipoteremka kutoka msituni. Ulianza golini kwao, ukaja mpaka katikati, mara hatuoni kitu. Mwamuzi naye akawa mkaidi kama yule wa zamani, au aliogopa gari lao la kushukia litaondoka. Akaendelea.

Nikawaza, sasa. Sasa wataita. Ukungu huu ni wetu, tumepewa na Mungu, mfumo wangu ulizaliwa ndani yake. Nikangoja. Kimya. Tulisikia miguu kwenye matope, pwa, pwa, na mpira ukiguswa, na nahodha wa wageni akiuliza wenzake wako wapi.

"Ee Zumbe," akasema mama wa ndizi, akimwita Mungu kwa Kishambaa, "mechi ipo au wameshakwenda zao?"

Sikuweza tena. Niliona timu inapotea mbele yangu, muda unaisha, na Rashidi anapotea nayo kwa ukaidi wake. Na zile fikra za filimbi yangu kabatini hazikuwepo tena, nawaapia. Nilitaka washinde. Nikasimama, nikapanua kifua, nikaita. Mwito wa mshambuliaji wa kati, ule mzito, ili beki apige mpira mrefu upande huu wa juu. Sauti ilitoka kama nilivyoitoa nikiwa na miaka ishirini. Ilikwenda ikagonga mlima wa pili ikarudi.

Hakuna aliyeitika.

Nikaita tena. Mama wa ndizi akasimama naye akaita. Wazee wa Lukozi wakaita, wanawake wakaita, ukingo wote wa juu ukawa unaita, kila mtu kwa mwito wa kwao, kama siku nyumba inapoungua. Ndani ya ukungu nikamsikia nahodha wa wageni akipiga kelele, "Wanaita! Wanaita! Upande wa juu, wakabeni, wote upande wa juu!" Tukasikia kishindo cha miguu ikija kwetu. Na mimi bado naita, naita watoto wangu, na hakuna hata mmoja anayenijibu. Katika maisha yangu sijawahi kuita mara nyingi hivyo nisiitikiwe. Niliogopa, kama mama yangu ambavyo angeogopa.

Kisha filimbi. Kisha, kutoka kona ya chini kabisa, mbali na sisi, sauti za vijana wetu kwa mara ya kwanza mchana ule. Walikuwa wanalia kwa furaha.

Upepo ulifungua ukungu kidogo. Kule chini jezi zetu nyekundu zilikuwa zimelundikana juu ya Hemedi. Na huku juu, mbele yangu, walisimama karibu mabeki wote wa wageni, wanatazama huku na huku wanamtafuta anayeita. Mmoja alikuwa karibu nami kabisa. Alinitazama, akatazama goli lake, akanitazama tena.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba, mwanangu," nikamjibu. Ningefanyaje?

Mechi ilipokwisha mkuu wa chuo alinifuata akitabasamu kwa shida. "Mama Naomi, kuhusu yale mazungumzo yetu..." Nikamwuliza mazungumzo gani. Akashukuru kwa macho akaondoka. Rashidi naye alikuja, amelowa. Nilimwambia asilete tena upuuzi wa kufupisha hotuba, akacheka mpaka akafuta machozi. Lakini nilikuwa sijatulia. Kuna kitu kilikuwa kinanichoma, nami nilikuwa namngoja Idi.

Alikuja wa mwisho, daluga mkononi, matope mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Idi, mlinisikia?"

"Tulikusikia, Mama."

"Mlijua ni mimi?"

"Tangu mwito wa kwanza. Wote tulijua." Akatazama chini. "Mimi ndiye nilikuwa na mpira."

Nikautazama mguu wake.

"Mguu ulishanyanyuka, Mama. Ulishakwenda nyuma kabisa. Nikaushusha, nikampa wa karibu." Akafuta uso, matope yakazidi kuenea. "Uliendelea kuita. Nisamehe. Kwetu mtu mzima akiita..."

Nilitaka kumpongeza, na nilitaka kumzaba kibao, vyote kwa pamoja. Nilimshika kichwa nikakivutia begani kwangu, kanga yangu ikachafuka yote, tukasimama hivyo.

Basi, wanangu, mmeniuliza mtafika wapi. Mfumo huu siupendi. Unanishtua mpaka leo, na kila nikipita juu ya uwanja nikiwasikia mko kimya, nageuza uso. Lakini huko Tanga watawaita kwa kila sauti waliyonayo, ya wenzenu, ya walimu wenu, hata ya mama zenu wakiweza kuiiga. Nyuma mnaye kijana aliyeushusha mguu ule. Kaeni karibu naye. Nami nitakuja kuwatazama, na kwa jinsi ninavyojijua sitaweza kukaa kimya. Mkinisikia naita, msiitike.